Mkazi wa Chumba cha Juu

Kwetu mtu akikuuliza habari, unajibu nzuri. Hata kama umetoka makaburini unajibu nzuri, halafu mnaulizana habari za watoto, za kazi na za mvua, na mwisho kabisa ndipo unashusha sauti na kusema, "Ila hapa nyumbani tumepatwa na msiba." Nimekulia Voi, nimefunzwa hivyo na mama yangu, na sikuwahi kudhani kuna njia nyingine. Kumrukia mtu na shida zako hata kiti hajakipata ni kukosa adabu. Shida ina zamu yake, nayo huja mwishoni.

Sasa mpeleke mtu wa namna hiyo kwa daktari wa London mwenye dakika kumi.

"How are you today?" daktari wangu aliniuliza siku ya kwanza, na siku zote zilizofuata.

"I'm fine, thank God. And you?"

Naye akaandika kitu kwenye kompyuta yake. Mimi nilidhani tunasalimiana, na tukimaliza kusalimiana tutaanza mazungumzo. Kumbe mazungumzo yenyewe yalikuwa ndiyo hayo.

Tezi yangu ya shingoni, hii wanayoiita thairoidi, ilikuwa imelegea miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia. Niliambiwa haitengenezi homoni ya kutosha, nikaandikiwa kidonge kimoja kila asubuhi kwa maisha yangu yote. Mwaka wa kwanza kilinifaa sana, nikarudi kuwa mtu. Lakini majira ya baridi yaliyofuata nikaanza kuteremka tena, polepole, hata nisingeweza kukuambia nilianza siku gani. Nilikuwa nasikia baridi ndani ya nyumba nikiwa na sweta mbili. Nywele zilibaki kwenye kitana. Choo kilinijia mara moja kwa siku nne. Na sauti! Nimeimba sauti ya pili kanisani tangu nikiwa msichana, na mwezi ule kiongozi wa kwaya aliniomba kwa upole nisimame karibu na akina baba. Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaenda msalani nikalia.

Kazi yangu ni kutunza wazee katika nyumba moja kule Queensbury. Mimi naishi Hayes, kwa hiyo ni mabasi mawili, na shifti ya asubuhi inaanza saa moja na nusu. Pale kazini nilikuwa hodari, wala sijisifu bure. Mzee akikataa kula siku mbili, mimi ndiye niliyempigia daktari. Niliwahi kumwambia daktari mmoja mgeni kwamba hatatoka chumbani mpaka aitazame miguu ya mgonjwa wangu, na kweli hakutoka. Lakini kinyozi hajinyoi. Mimi niliyewasemea wazee wa vyumba ishirini na viwili nilikuwa bubu kwa mambo yangu mwenyewe.

Chumba namba nane alikaa bibi wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, ambako baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Nilimwita Ba, kama walivyomwita wajukuu zake. Kiingereza kilikuwa kimeanza kumtoka pamoja na majina ya wajukuu hao, lakini Kiswahili chake cha dukani kilikuwa kizima, na mle ndani hakuwa na mtu wa kuzungumza nacho ila mimi. Chai ikiletwa imepoa, Ba alibonyeza kengele mpaka mtu aje. "Hii iko baridi. Rudisha." Hakusema samahani wala tafadhali. Wenzangu walimwona msumbufu. Mimi, nikisema ukweli, nilimwonea wivu.

Yeye ndiye aliyeniona wa kwanza.

"Mama, wewe iko gonjwa," aliniambia asubuhi moja nikimchana nywele. "Uso imefura. Sauti iko kama ya askari."

"Niko sawa, Ba."

"Hapana sawa. Mimi naona."

Nikamgeuzia mazungumzo, nikamuuliza habari za Kisumu.

Wiki mbili baadaye nilisahau mkanda. Ba alikuwa hawezi tena kusimama, na kumtoa kitandani kumweka kwenye kiti tulitumia mashine ya kunyanyulia, watu wawili, yeye akiwa amekaa ndani ya kitambaa kinachoshikwa na mikanda minne. Nilifunga mitatu. Mashine ilikuwa imeshaanza kupanda, Ba ameanza kuinamia upande mmoja, mwenzangu alipopiga kelele na tukamshusha. Hakuumia. Alilalamika tu kwamba nguo yake imekunjamana. Lakini mimi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake nikitazama mikono yangu, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kusahau mkanda.

Meneja wetu, mama wa Kifilipino mwenye haki mpaka inachosha, aliniita ofisini. Hakunigombeza, ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema hatanipa mtu wa kunyanyua mpaka nilete barua ya daktari kwamba niko sawa. Alinipa wiki sita. Kwa sasa nikunje nguo chumba cha kufulia. Na baada ya wiki sita bila barua? "Tutahitaji kuzungumza," alisema, na mtu yeyote aliyefanya kazi mji huu anajua mazungumzo hayo huishia wapi. Nikaenda kukunja mashuka. Niliogopa. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, sina kazi nyingine ninayoijua, na kilichoniuma kuliko kukosa kazi ni kwamba sasa mimi ni mtu ambaye wazee wanalindwa dhidi yake.

Nilipiga simu kliniki. Msichana wa mapokezi akatazama kompyuta, akaniambia kipimo changu cha mwisho cha damu kilikuwa cha kawaida. Nikashukuru. Nilipokata simu ndipo nikafikiri kwamba hicho cha mwisho ni cha mwaka jana. Nikapiga tena, nikapewa miadi ya kuonana na daktari, yule yule wa siku zote, kijana mwenye shati la bluu lililopigwa pasi vizuri. Akaniuliza u hali gani, nikamwambia niko salama, Mungu ni mwema. Kisha nikaanza kuzunguka kama nilivyofunzwa. Nikamwambia baridi ya mwaka huu ni kali, nikamwambia kazini kuna kazi nyingi, na nilipokuwa ninakaribia shingo yangu akatazama saa, akasema kwa upole mwingi kwamba wanawake wa umri wangu huchoka, akanipa karatasi ya kusoma kuhusu kukoma hedhi. Nilimwambia, "God bless you, doctor." Nilimbariki! Nikatoka nje, nikasimama kituoni na ile karatasi mkononi, nikakasirika mpaka basi likanipita.

Jioni ile nilimwomba binti yangu anifungulie kumbukumbu zangu za kliniki kwenye simu. Ana miaka kumi na tisa, amezaliwa hapa. Namsemesha Kiswahili naye hunijibu kwa Kiingereza, na tumezoea. Akasoma kimya kwanza, kidole kikipanda na kushuka.

"Soma kwa sauti," nikamwambia.

"Patient feels well. No concerns." Akateremsha kidole. "Patient feels well. Patient well in herself." Akateremsha tena. "Feels well, tired at work."

"Nani amesema niko mzima?"

"You did, Mum."

Nilitaka kumkasirikia daktari, na kidogo nilimkasirikia, maana mtu mwenye macho angeuona uso wangu. Lakini maneno yalikuwa yangu. Mficha uchi hazai, wazee walisema, na mimi nilikuwa nimeuficha wangu kwa adabu.

Basi kesho yake pale kazini, nikisubiri mashine ya kukausha imalize, niliona daftari la huduma la chumba namba nane limeachwa juu ya meza. Kila mkazi wa nyumba ile ana daftari lake. Tunaandika amekula nini, amekunywa nini, amelala vipi, amekwenda choo au hakwenda, na tunaandika kwa Kiingereza cha kazini kilicho kikavu kama mkate wa juzi: mkazi amefanya hivi, mkazi amekataa vile. Hatuandiki tunavyodhani. Meneja ametuimbia wimbo mmoja miaka yote: kisichoandikwa hakikufanyika. Nilisoma kurasa zangu mwenyewe za mwezi uliopita, na nikamwona Ba mzima mzima, na kikohozi chake, na siku aliyokataa dengu. Nikawaza: laiti mimi ningekuwa na mtu wa kuniandika hivi.

Nilikuwa naye. Nilinunua daftari dogo dukani karibu na kituo, nikaandika jaladani: Mkazi, chumba cha juu. Chumba changu cha kulala kiko juu ya jikoni.

Niliandika wiki mbili. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Kusema "ninaumwa" kulinishinda, lakini kuandika "mkazi amelala kwa muda wa saa tisa na ameamka amechoka" hakukuniaibisha hata kidogo. Ilikuwa kazi tu, na kazi naijua. Haya ni baadhi, nikiyageuza kutoka kile Kiingereza kikavu:

Jumatatu. Mkazi aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alikunywa kidonge cha tezi na kidonge cha madini ya chuma, pamoja na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa. Mkate nusu kipande.

Jumanne. Mkazi alipumzika katikati ya ngazi za nyumbani, ngazi kumi na tatu. Mapigo ya moyo hamsini na mawili kwa dakika. Sweta mbili, soksi mbili, mikono ya baridi.

Alhamisi. Mkazi alisahau jina la shemeji yake. Choo hakuna, siku ya nne.

Jumapili. Mkazi alikwenda kanisani. Hakuimba.

Nilikuwa ninaruhusiwa kumpelekea Ba chai, maadam simnyanyui. Siku moja aliniona nikiandika kando ya dirisha lake.

"Andika nini?"

"Habari za mgonjwa mmoja, Ba."

"Andika yote," akasema. "Hata choo. Daktari napenda choo."

Simu ya kuomba miadi niliipiga saa mbili kamili asubuhi, dakika wanayofungua laini. Nilikuwa wa kumi na saba kwenye foleni. Zamu yangu ilipofika, nikamwambia yule msichana wa mapokezi kwamba nataka kuonana na daktari uso kwa uso, na kwamba nataka nafasi mbili zilizounganishwa, kwa sababu moja hainitoshi. Sauti ilinitetemeka kama ya mtu anayeiba. Nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta. "Jumatano, saa nne na dakika kumi," akasema. Ni hilo tu! Miaka yote nilidhani kuna ukuta pale.

Jumatano nilifika mapema mno. Daktari alikuwa yule yule, na shati lilikuwa bluu tena.

"How are you today?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Neno lile lilikuwa juu ya ulimi, na nakuambia, kulimeza kulikuwa kazi kuliko kumeza kidonge chochote. Nikaweka daftari mezani, nikalisukuma mbele yake.

"Naomba usome hili kwanza," nikamwambia kwa Kiingereza. "Kurasa kumi na nne. Ninayo nafasi ya dakika ishirini."

Labda ni kwa sababu ya namna nilivyolisema, kwa sauti ya kazini, ile niliyomzuilia yule daktari mwingine mlangoni. Akalifungua. Alisoma ukurasa wa kwanza haraka, wa pili polepole. Kwenye ukurasa wa tano alivuta kiti karibu na meza. Mimi nilitazama mkono wake wa kulia, na haukwenda kwenye kompyuta hata mara moja. Alipofika mwisho alirudi nyuma kwenye Jumanne, ile ya mapigo ya moyo, akaweka kidole hapo. Uso wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa uso wa mtu mwenye wasiwasi.

"Huyu mama," akasema, "wewe ndiye unayemtunza?"

"Ndiyo."

"Umefanya vizuri kuniletea. Anaonekana ana upungufu mkubwa wa homoni ya tezi, na anahitaji kupimwa damu wiki hii, asingoje." Akachukua kalamu. "Daktari wake ni nani?"

"Ni wewe," nikamwambia.

Hakunielewa mara moja. Alitazama jalada. Kisha akanitazama mimi, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama, nyusi zangu zilizopukutika, mashavu, koti ambalo sikulivua humo ndani na radieta ya kupasha chumba joto inawaka. Akaiweka kalamu chini.

"Samahani," akasema. "Nimekuwa nikikuuliza hali, nawe..."

"Nami nimekuwa nikikusalimia," nikamwambia. Nikamweleza, kwamba kwetu jibu la kwanza ni la adabu na la kweli huja la tatu au la nne. Aliniuliza maswali, mengi, moja baada ya jingine, na safari hii nikajibu yote pasipo kumshukuru Mungu katikati.

Halafu alirudi kwenye Jumatatu, akaniuliza, "Hii chai. Ni kila siku?"

Hapo ndipo nilipoumbuka. Mama yangu alinifundisha kwamba dawa haiingii tumbo tupu. Kwetu hakuna anayemeza hata kidonge cha kichwa bila kitu tumboni. Mwaka wa kwanza, nilipokuwa shifti ya mchana, nilifuata karatasi ya duka la dawa, nikameza kwa maji na kungoja. Nilipohamia shifti ya asubuhi, sina muda, nikarudia mafunzo ya mama: kidonge na chai, chai yetu yenyewe ya kuchemshwa na maziwa, nusu kwa nusu. Na juu yake nikaongeza madini ya chuma, kwa ushauri wa rafiki wa kanisani, kwa sababu kwetu mtu akichoka basi hana damu. Daktari alieleza kwamba maziwa na yale madini huikamata dawa tumboni, na sehemu yake kubwa haifiki mwilini. Kwa hiyo miezi yote ile nilikuwa nikiimeza dawa na kuizuia kwa kikombe kimoja. Nilicheka kwa aibu. Naye akacheka, akasema hakuna aliyewahi kuniuliza, na yeye ndiye angepaswa.

Yaliyofuata ni mafupi. Damu ilitolewa siku iliyofuata, na nilipopigiwa simu kuhusu majibu sikukubali neno "si ya kawaida", kama ambavyo sikupaswa kukubali neno "kawaida". Niliomba tarakimu zenyewe na karatasi ya kuzionyesha, nikapewa, na zilikuwa mbaya. Kidonge ni kwa maji matupu sasa, na chai inangoja saa nzima. Madini ya chuma niliyaacha mpaka damu yangu ipimwe kwa ajili yake, na ilipopimwa ikaonekana haikuwa na haja nayo. Meneja alipewa barua ya kwanza kueleza kinachotibiwa, akaniongezea muda bila maneno, na mwanzo wa kiangazi ikaja ya pili. Siku niliyorudi kumnyanyua Ba nilifunga mikanda minne, nikaihesabu kwa sauti kwa Kiswahili, naye akahesabu pamoja nami mpaka tano, maana alipenda kuhesabu.

Lakini mimi hurudi zaidi kwenye jioni ya Jumatano ile, kabla ya damu, kabla sijapona chochote. Nilikuwa jikoni na koti langu mwilini. Binti yangu alikuwa akipika, na simu yake iko kando ya jiko. Nikamwomba anitazamie kama daktari ameandika kitu leo. Akafuta mikono, akafungua, akateremsha kidole.

"Anasemaje?"

"Patient is not well," akasoma. Akaniangalia, akaendelea. "She has not been well for a long time, and has described this clearly."

Nilivuta kiti nikakaa. Nilikuwa nimeandikwa kwamba ni mgonjwa, na sijui kama niliwahi kusikia habari njema kuliko ile. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta.

"Mama, uko sawa?" akaniuliza binti yangu, kwa Kiswahili.

"Hapana," nikamwambia. "Soma tena."